Jigi moja, majina manne: chapeni na nota

Ndugu Mhariri,

Kurasa za burudani za magazeti yetu zikitaja muziki wa fidla wa Ireland, hutaja jina la wimbo tu. Kwa taarab hilo halina madhara, maana ukisahau jina, beti zitakukumbusha. Lakini jigi, yaani muziki wa Ireland wa kuchezea ngoma, nyingi hupigwa bila maneno. Kijana anayejifunza fidla Kariakoo au Ilala anatafuta nota, anakuta majina manne, anadhani ana nyimbo nne za kujifunza. Kumbe ni moja.

Chukueni jigi ya Haste to the Wedding, yaani Harakisheni Harusini. Huitwa pia Rural Felicity, Carrickfergus na The Small Pin Cushion. Haste to the Wedding na Rural Felicity yametoka mahali pamoja: mwaka 1767 katika ukumbi wa Drury Lane, London, ulichezwa mchezo uitwao The Elopement, na ndani yake muziki huu ukaimbiwa maneno. Mwanzo wa maneno hayo ukazaa jina moja, kiitikio kikazaa la pili, kama vile taarab moja inavyojulikana kwa huyu kwa mstari wa kwanza na kwa yule kwa kiitikio. Baadaye wapiga fidla waliyaacha maneno, wakabaki na muziki. Anayetumia mwaka 1767 kudai kwamba jigi hii ni ya Waingereza anasoma tangazo la ukumbi kana kwamba ni cheti cha kuzaliwa.

Jina la Carrickfergus ndilo la hatari zaidi. Upo wimbo mwingine mashuhuri wa jina hilohilo, wa kuimbwa polepole, usiohusiana kabisa na jigi hii. Anayeagiza nota kwa jina peke yake anaweza kuletewa huo.

Waliokusanya muziki huu waliyajua matatizo haya. Francis O'Neill, mzaliwa wa Cork aliyekuwa mkuu wa polisi wa Chicago kuanzia 1901 hadi 1905, alichapa nyimbo 1,850 mwaka 1903, na hata humo utakuta muziki uleule chini ya majina tofauti. Breandán Breathnach, aliyetoa kitabu chake cha kwanza cha muziki wa ngoma za Ireland mwaka 1963, alipanga kadi alizoandikia nyimbo kwa kufuata nota zenye mkazo za mwanzo wa wimbo.

Mwanakwaya yeyote anayesoma do-re-mi anaweza kufanya hivyo. Kwanza tafuta do. Jigi hii kwa kawaida hupigwa katika D, basi D ndiyo 1. Kila kipimo kina nota sita, tatu na tatu. Chukua ya kwanza ya kila tatu, usijali kama iko juu au chini. Vipimo vinne vya mwanzo vinatoa so so, re mi, so so, re re, yaani 55 23 55 22. Nota ya kuingilia, iliyo kabla ya kipimo cha kwanza, isihesabiwe. Wengi hukosea hapo na tarakimu zote zikasogea. Kosa jingine hutokana na mazoea yetu ya chakacha: sikio hugawa sita kuwa mbili, mbili, mbili, ukapata mikazo mitatu badala ya miwili. Sehemu ya pili huanza 55 66. Nayo iandikwe, kwa sababu jigi mbili huweza kufanana mwanzo kisha zikaachana.

Nota zenye mkazo ndizo zinazoaminika, kwa kuwa mabadiliko ya wapigaji na makosa ya vidole huangukia zaidi zile za katikati. Katika kipimo cha kwanza cha jigi hii, kidole cha kati hukaa mbali na cha shahada kwenye uzi wa D ili kutoa F yenye shapu, halafu kwenye uzi wa E hukaa kimegusana nacho ili kutoa G. Mwanafunzi asiyekirudisha hupiga G yenye shapu na wimbo unachacha, tarakimu hazibadiliki.

Tunaomba mhariri wa ukurasa wa muziki aziweke tarakimu hizo za sehemu zote mbili kwenye mabano kando ya jina. Hazijazi hata nusu mstari.

Wapiga fidla,
Ilala, Dar es Salaam