Barua kwa Wazazi: Kufunga Muhula wa Kwanza na Mafunzo ya Walimu Kuhusu Watoto Wenye Mahitaji Maalum

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Wilaya ya Chamwino,
Dodoma.

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Mbukwenyi. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Muhula umekwisha salama. Ripoti ya mwanao amekabidhiwa mkononi. Isome, isaini, airudishe siku ya kufungua. Ambao hawajaleta mahindi ya chakula cha mchana, mavuno sasa yako nyumbani, tusije tukasumbuana tena Julai. Linalofuata nilitaka kulisema kwenye kikao, lakini siku ile wengi wenu mlikuwa mnapura uwele, nikabaki nazungumza na mabenchi.

Muhula huu walimu wote, nikiwemo mimi, tumetumia vikao vya MEWAKA, yaani mafunzo ya walimu kazini yanayofanyika hapa hapa shuleni, kujifunza namna ya kumtambua na kumsaidia mtoto mwenye mahitaji maalum. Aliyetuongoza ni mwalimu mwenzetu aliyesomea elimu maalum Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha. Siku ya kwanza alitugawia pamba tuzibe masikio, akatugeuzia mgongo, akaanza kufundisha sehemu huku anaandika ubaoni. Baada ya dakika kumi akasahihisha madaftari yetu. Sitasema nilipata ngapi.

Jioni ile nilifungua daftari la adhabu. Lipo kabatini kwangu na mwenye kusaini ni mimi. Jina la kijana mmoja wa Darasa la Nne lilikuwa limeandikwa mara tatu, na kosa ni lile lile: amepuuza kengele. Kengele yetu mnaijua, ni ringi ya gari iliyoning'inia kwenye mwarobaini. Kesho yake mwalimu wa elimu maalum alimpeleka uwanjani na wenzake watano, akasimama nyuma yao na kuita majina kwa sauti ya kawaida. Wenzake waligeuka. Yeye aligeuka baada ya kuona wenzake wamegeuka. Miaka minne amekuwa akiishi shuleni kwetu kwa kuangalia wengine wanafanya nini, nasi tukamwita mkaidi.

Nilimwita mama yake nimweleze kwa upole, nikidhani nampa habari mpya. Akaniambia, "Mwalimu, hilo tunalijua tangu alipougua homa ya uti wa mgongo akiwa mdogo." Nikamuuliza mbona hakusema. Akajibu kwamba siku ya kumwandikisha aliulizwa cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki, basi. Sikuwa na la kujibu. Nilimwomba radhi yeye na mwanawe, na leo narudia hapa kwa maandishi.

Kijana amepewa rufaa ya kwenda mjini kupimwa. Wakati tunasubiri, anakaa dawati la mbele, na walimu tumekatazana kuongea huku tumeangalia ubao, maana anasoma midomo. Ni zoezi gumu kuliko linavyosikika. Mimi mwenyewe najikuta katikati ya sentensi nimeshageuka.

Macho nayo tuliyapima. Chati ya herufi E ilibandikwa ukutani, mtoto anasimama umbali uliopimwa wa mita sita, anaonyesha kwa vidole E imeelekea wapi. Wapo waliokuwa wakinakili kutoka kwa jirani, tukawaadhibu kwa kuibia, kumbe ubao hawauoni. Watoto wetu wenye ualbino tumewaweka mbele lakini mbali na dirisha, kwa sababu mwanga mkali unawaumiza. Kofia pana na mikono mirefu kwao si kosa la sare. Nimeshawaambia walimu wa zamu.

Kuhusu kifafa naomba nisikilizwe vizuri. Mtoto akianguka darasani, wenzake wanakimbia wakihofia povu. Kifafa hakiambukizi, si kwa mate wala kwa povu. Walimu tumefanya mazoezi: ondoa vitu vigumu karibu naye, mlaze kiubavu, usimkandamize, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, angalia saa. Ikizidi dakika tano, ni hospitali. Fanyeni hivyo hivyo nyumbani. Na dawa alizoandikiwa zisikatishwe eti kwa kuwa mwezi huu hajaanguka.

Nisiwadanganye. Mafunzo haya hayajatugeuza wataalamu. Mwalimu mmoja aliuliza atamfuatiliaje mtoto mmoja katika darasa la watoto themanini, na swali lake ni la haki. Asiyeona kabisa hatuwezi kumfundisha inavyostahili, kwani hatuna hata mashine moja ya nukta nundu, yaani maandishi yanayosomwa kwa vidole. Mwenye mtoto wa namna hiyo aje tuongee na Afisa Elimu Maalum wa wilaya. Buigiri, yenye shule ya wasioona, iko humu humu Chamwino.

Wazazi wa Darasa la Nne na la Saba, ninyi msingoje. Mtahiniwa mwenye mahitaji maalum huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine, na mwenye uoni hafifu huandaliwa karatasi ya maandishi makubwa. Lakini ni lazima taarifa zake ziwe zimefika mapema. Wiki ya mtihani hakuna wa kunisikiliza.

Fomu ya kuandikisha darasa la awali tumeiongezea swali: kuna jambo gani kuhusu mwili, macho, masikio, usemi au uelewa wa mtoto ambalo mwalimu alijue? Kwa walioandikishwa zamani, swali hilo limechapwa nyuma ya ripoti. Asiyejua kuandika amwambie mwalimu wa darasa kwa mdomo. Litabaki kati yetu.

Na kuna watoto ambao hawajawahi kukanyaga shuleni, wako ndani. Kijiji ni kidogo, tunafahamiana. Mwalimu wa elimu maalum atakuwepo ofisini kila Jumatano ya likizo, saa tatu hadi saa saba. Mtoto asiyeweza kutembea, mwambieni mwenyekiti wa kitongoji. Tutakuja na baiskeli.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu