Popi anadaiwa cheti, wewe hudaiwi kitu

Mwanangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku Morogoro mimi ni mzima, kazi inakwenda. Bibi yako alinipigia simu akanieleza yote yaliyotokea hapo Mahenge. Nakuandikia wewe mwenyewe, kwa sababu jambo ni lako na umri wa kulielewa unao.

Nimesikia ulianguka kifafa ukitoka kuchota maji. Mbwa wetu Popi akalala ubavuni mwako, akawa anakulamba uso. Wapita njia wakaona mtoto anatoka povu na mbwa anatiririka udenda, wakatimua mbio. Jioni ikawa mbwa ana kichaa, amemwambukiza mtoto. Wengine wakageuza, mtoto ndiye aliyemwambukiza mbwa. Sasa wanataka Popi auawe, nawe usichote maji na wenzako. Mwanangu, nimelia. Kisha nimekasirika, na hasira hiyo bado ninayo.

Lakini hapo watu wamechanganya mambo mawili, na nataka wewe uyatenganishe.

Kichaa cha mbwa kinaogopwa kwa haki. Ugonjwa ule upo, unakaa kwenye mate, unaingia kwa kung'atwa, na dalili zikishamwanza mtu ni nadra sana kupona. Kwa hiyo anayeuliza habari za Popi usimtukane, hata akiuliza kwa ukali. Mjibu. Mwambie Popi aliugua distempa akiwa mdogo, ugonjwa wa mbwa usioambukiza watu, ukamwachia mguu unaorukaruka na taya linalotetemeka. Udenda wake unatoka hapo. Mwambie pia kwamba mbwa akishaanza dalili za kichaa kwa kawaida hamalizi siku 10 akiwa hai, na Popi wote wamemwona akitetemeka hivyo hivyo tangu mwaka juzi. Kisha mwonyeshe cheti cha chanjo. Wataalamu wanasema wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, kichaa kinakosa njia ya kuenea. Ina maana Popi ni kinga ya watoto wale wale wanaomrushia mawe. Hilo liseme kwa sauti, hata mbele ya mwenyekiti wa kitongoji.

Na mtu aking'atwa na mbwa yeyote, awe Popi au mwingine, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Wafundishe na wenzako.

Kifafa ni habari nyingine kabisa. Kifafa hakiambukizi kwa povu, kwa maji, wala kwa kukalia kigoda kimoja. Povu lile ni mate yako tu, yamechanganyika na hewa. Umeme wa ubongo unavurugika kwa muda, mwili unakakamaa na kutikisika, halafu unatulia. Wengine hukipata baada ya malaria kali iliyopanda kichwani, wengine kwa kuumia wakati wa kuzaliwa. Na huko kwetu, penye mito yenye usubi wengi, watafiti wamekuta kifafa kingi kikiandamana na upofu wa mtoni, ugonjwa unaoletwa na usubi hao. Ndiyo maana sipendi kabisa kusikia umekwepa zile dawa za upofu wa mtoni zinazogawiwa kijijini.

Muulize bibi yako. Yeye alikuwa msichana mdogo wakati daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alipoanzisha kliniki ya kifafa hapo hapo Mahenge mwaka 1960. Daktari yule alikuta wagonjwa wenye makovu makubwa ya moto. Walikuwa wameanguka mekoni, na ndugu zao, watu waliowapenda, waliogopa kuwashika kwa sababu ya povu. Fikiria hilo, mwanangu. Moto uliwaunguza kwa sababu hofu iliwafunga mikono waliokuwa karibu.

Kwa hiyo Popi anadaiwa cheti, na tutakilipia kila mwaka. Wewe hudaiwi cheti na mtu yeyote. Usijieleze kisimani kana kwamba umeshtakiwa. Ndoo yako iweke kwenye foleni kama ndoo nyingine. Akija mtu kukuondoa, nenda kamwite bibi, na bibi ameshaniambia atakuja na nani.

Popi hauawi. Nimemwambia bibi, nimemwambia mjomba wako pia. Watu wazima walikimbia, yeye akabaki, na mimi siwezi kukubali kwamba aliyebaki ndiye apigwe rungu.

Mwalimu wako wa darasa nimeongea naye, ni mtu muungwana. Atawaonyesha wanafunzi namna ya kukusaidia: wakulaze ubavu, waweke kitu laini chini ya kichwa, wasikubane mikono, wasikutie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Ukizidi dakika tano hujatulia, wakukimbize hospitali.

Dawa meza kila jioni, hata ukikaa miezi bila kuanguka. Mtoni usiende peke yako, na jikoni kaa mbali na mafiga.

Nauli nimemtumia bibi kwa simu. Jumamosi mpelekeni Popi kwa bwana mifugo, chanjo yake ya mwaka imekaribia kwisha. Mfungeni kamba njiani ili asiogopeshe watu, na cheti kipya mkiweke kwenye mfuko wa nailoni kisilowe. Nikipata likizo nakuja.

Nakupenda sana.

Mama yako