Barua kwa Mangi: theluji, moto na maji ya mlimani

Fort Collins, Colorado

Mangi, rafiki yangu wa siku zote,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi sote ni wazima, watoto wanaendelea na shule, na baridi imeanza kulegea. Nifikishie shikamoo yangu kwa Mama, umwambie kahawa yake ilifika salama na nyumba nzima inamshukuru.

Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Unasema kwenye kamati ya maji wazee wamegawanyika. Wengine wanasema mfongo, ule mfereji wetu wa asili, unapungua kwa sababu barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inakwisha, wengine wanasema ni msitu, na wewe mwenyekiti unatakiwa utoe neno. Ukaniuliza mimi, ninayeshinda kwenye mtambo wa kusafishia maji chini ya milima yenye theluji, naonaje. Nitakujibu kwa kirefu, kwanza kwa haya ya huku, kisha nije nyumbani.

Mvua ya huku ni haba. Maji tunayoishi nayo mwaka mzima, mengi yake huanguka kama theluji kuanzia Novemba hadi Aprili, juu kwenye Milima ya Rocky, yakarundikana hukohuko na kusubiri. Mei ikiingia jua linapata nguvu, theluji inaanza kuyeyuka, na kufikia mwanzoni mwa Juni mto wetu, Cache la Poudre, unakuwa umejaa hadi kingoni. Huo ndio wakati wakulima wa tambarare za Greeley wanapoanza kuyahitaji kwa mahindi na viazisukari vyao. Mji wa Greeley ulianzishwa mwaka 1870, na kazi mojawapo ya mwanzo kabisa ya waliouanzisha ilikuwa kuchimba mifereji kutoka mto huu. Ukiiona utasema ni mifongo, ila zamu zake haziendi kwa ukoo. Kwa sheria ya Colorado, aliyetangulia kuyatumia maji ndiye anayetangulia kupewa, na mwenye haki ya juzi anangoja mwenye haki ya zamani ashibe. Utaratibu wote huo unategemea theluji iyeyuke kwa wakati wake. Ikiwahi, maji yanapita shambani kabla mbegu hazijaota, na Agosti mfereji unabaki na matope.

Ndiyo maana wapimaji wa huku hawaridhiki na kina cha theluji. Wanaichoma kwa bomba refu la alumini mpaka ligote ardhini, wanalichomoa likiwa limejaa, wanalitundika kwenye mizani ya kuning'iniza. Uzito ndio unaowaambia kuna maji kiasi gani. Theluji mpya yenye kina cha mita moja inaweza kuwa na maji ya sentimita kumi tu, na ile ya Aprili iliyokwisha kushikana ikawa na mara tatu ya hayo kwa kina kilekile. Aliyeanzisha upimaji huu, zaidi ya miaka mia iliyopita, ni James Church, mwalimu wa Kilatini huko Nevada aliyekuwa akipanda Mlima Rose wakati wa baridi. Nampenda mtu yule. Hakuna aliyemtuma. Siku hizi kuna mamia ya vituo vya mlimani vinavyojipima vyenyewe usiku na mchana, na sisi wa mtamboni tunavitazama kila asubuhi.

Sasa twende mwaka 2020. Tarehe 13 Agosti moto ulizuka karibu na Cameron Peak, kwenye vyanzo vya Poudre. Ukawaka Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba. Hadi unatangazwa kudhibitiwa, Desemba imeshaingia na hekta zipatazo 84,500 zimeungua. Colorado haijawahi kurekodi moto mkubwa kuliko huo. Katikati ya Oktoba ukazuka mwingine upande wa magharibi wa milima, ukaitwa East Troublesome. Huo ndani ya siku moja ulikula zaidi ya hekta 35,000, halafu cheche zake zikavushwa na upepo juu ya uti wa milima, mahali pa mawe na nyasi fupi pasipo na mti hata mmoja, zikashika msitu wa upande huu.

Kwa nini nakutajia yote mawili? Fort Collins inakunywa takriban nusu kutoka Poudre na nusu kutoka bwawa la Horsetooth. Bwawa hilo linajazwa na maji ya upande wa magharibi, yanayopitishwa chini ya milima kwa handaki la kilomita 21 lililoanza kutumika mwaka 1947. Mwaka 2012, moto wa High Park ulipofuatwa na mvua na mto ukageuka mweusi kwa majivu, mji ulifunga mlango wake wa kuchukulia maji mtoni ukategemea Horsetooth. Mwaka 2020 moto uligusa vyanzo vya pande zote mbili katika msimu mmoja. Na Oktoba hiyohiyo, Mangi, wewe ulikuwa unaniandikia kutoka Marangu kwamba mlima unawaka tangu tarehe 11, na vijana wamepanda na mapanga na matawi mabichi kwenda kuuzima. Nilikuwa nasoma ujumbe wako huku nje jua ni jekundu saa sita mchana na gari limefunikwa majivu.

Misitu ya juu ya huku ilikuwa haiungui hovyo. Ilikuwa na baridi na unyevu, theluji ikikaa chini ya miti hadi Juni. Watafiti waliochimba mashapo ya chini ya maziwa ya milima hii na kuhesabu mabaki ya makaa walichapisha mwaka 2021 kwamba karne hii misitu hiyo inaungua kwa kasi ambayo haijaonekana kwa miaka 2,000. Joto limepanda, theluji inatoweka mapema, kiangazi kinarefuka, miti inakauka. Na msitu ukishaungua, theluji inayofuata nayo inatoweka mapema zaidi. Mambo haya mawili yanasukumana, na huo ndio ubaya wake.

Niliyashuhudia mwenyewe nilipopanda na wenzangu majira ya kuyeyuka. Ndani ya msitu usioungua theluji ilikuwa imetulia, safi, ya kufika kiunoni. Tukavuka kijito tukaingia palipoungua. Miti imesimama mieusi bila tawi, jua linapiga chini moja kwa moja, na theluji imejaa madoa. Niliinama nikatazama: vipande vya magamba yaliyoungua, vingine vidogo kuliko punje ya ulezi, na kila kipande kimekaa ndani ya kitundu chake. Cheusi kinavuta joto la jua, kinayeyusha theluji inayokizunguka, kinazama. Maelfu kwa maelfu ya vitundu hivyo, mteremko mzima. Kwenye miteremko inayotazama kusini, ambako jua la huku ndiko linakopiga zaidi, ardhi ilikuwa imeshaonekana.

Kuna jambo hapa linalowachanganya watu wengi. Palipoungua theluji inaweza hata kufika chini kwa wingi zaidi, kwa sababu hakuna matawi ya kuidaka. Na miaka ya mwanzo mto unaweza kuleta maji mengi kuliko kawaida, kwa kuwa miti ya kuyanywa haipo. Mtu akiangalia jumla ya mwaka anaweza kusema mbona afadhali. Lakini muulize mkulima anayeyangojea Julai. Maji hayo yamekuja mapema, kwa pupa, na yamekuja na mlima ndani yake.

Maana udongo nao umebadilika. Moto mkali unayeyusha nta iliyomo kwenye majani yaliyooza, mvuke wake unashuka unaganda chini kidogo ya uso wa ardhi. Nilifukua majivu kwa vidole nikamwagia maji ya chupa yangu. Hayakuingia. Yalijikusanya vidonge vidonge kama kwenye karai lililopakwa mafuta, kisha yakateleza kuelekea bondeni. Sasa fikiria mvua ya ngurumo ya Julai juu ya maelfu ya hekta za namna hiyo. Tarehe 20 Julai 2021 mvua ya muda mfupi tu ilinyesha juu ya bonde dogo liitwalo Black Hollow, ndani ya eneo la Cameron Peak. Likashuka tope, mawe na magogo, likabeba nyumba, na watu wanne wakapoteza maisha. Poudre ulikuja mweusi hadi mjini.

Mtamboni siku kama hiyo ni kazi ya jasho. Maji ya kawaida ya mlimani yanahitaji shabu kidogo tu ya kugandisha uchafu ili utuame. Maji ya majivu unayatilia shabu, unakoroga kwenye bilauri za majaribio, unangoja, unaongeza, na bado yanabaki na rangi ya chai. Rangi hiyo ni mabaki ya mimea iliyoungua yaliyoyeyuka majini. Ukiyawekea klorini hivyohivyo, vinazaliwa viambata vingine ambavyo sheria inavipimia kwa ukali kwa sababu vina madhara kwa afya vikizidi. Kuna manganizi inayotia doa kwenye nguo. Kuna fosforasi na naitrojeni zinazolisha mwani bwawani miezi mingi baada ya moshi kusahaulika. Mara nyingi uamuzi bora ni kufunga mlango na kuuacha mto upite. Ila uamuzi huo unawezekana kwa mji wenye chanzo cha pili. Vijiji vinavyotegemea kijito kimoja vinafanyaje?

Denver walijifunza hili mapema. Baada ya moto wa Buffalo Creek mwaka 1996 na wa Hayman mwaka 2002, bwawa lao la Strontia Springs lilijaa mashapo, na shirika la maji likatumia zaidi ya dola milioni 27 kwa kuyaondoa, kusafisha maji na kurekebisha miteremko. Fedha hizo zingetunza msitu mkubwa sana kabla ya moto, na mimi hilo linanikera kila ninapolikumbuka. Tangu mwaka 2010 wanachangia na idara ya misitu kupunguza msongamano wa miti na kuchoma kwa mpango maeneo yanayofaa. Huku kwetu, baada ya Cameron Peak, helikopta zilikuwa zikimwaga vipande vya mbao juu ya miteremko ili mvua isiupige udongo mtupu. Inasaidia. Lakini huwezi kuufunika mlima mzima.

Sasa Kibo. Kwa maoni yangu, wazee wanaosema msitu ndio wako karibu na ukweli. Barafu ya Kibo inakwisha kweli, zaidi ya asilimia 80 imetoweka tangu mwaka 1912, na inauma moyo kuitazama kwenye picha. Lakini kule juu hewa ni kavu, na sehemu kubwa ya barafu inageuka mvuke bila kupita kwenye kijito chochote. Hapo ndipo Kilimanjaro kinapotofautiana na Rocky: huku theluji ndiyo ghala, kwenu ghala ni msitu. Mvua nyingi ya upande wenu inanyesha msituni, na juu yake kuna ule ukanda wa mierika, miti yenye ndevu za kuvumwani, inayokamua ukungu na kuudondosha tone kwa tone hata siku isiyo na mvua. Mwaka 2005 mtafiti Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huo kwa miaka mingi, aliandika kwamba moto umeusukuma mpaka wa juu wa msitu ukashuka chini, na kwamba maji ya ukungu yaliyopotea kwa sababu hiyo ni mengi kuliko yanayopotea kwa kuyeyuka kwa barafu. Mwerika ukiungua mara moja unaweza kuchipua. Ukiungua tena na tena, panabaki vichaka vifupi, na ukungu unapita juu yake.

Kwa hiyo kwenye kikao, ningekuwa wewe, nisingetumia muda mwingi kubishana juu ya barafu ambayo kamati haina uwezo wa kuirudisha. Ningewaita warina asali wakae mezani, maana wao wanazijua njia za juu kuliko mtu yeyote, na moshi wao ukiachwa ovyo mwezi wa Septemba unaweza kuwa moto wa mlima mzima. Wasiitwe kama washtakiwa. Mizinga ya kisasa na mavazi ya kujikinga vitasaidia kuliko faini. Ningeuliza pia hifadhi wana utaratibu gani wa kuwaita wanavijiji moto unapoonekana, nani anampigia nani, na vifaa viko wapi, kabla ya kiangazi kushika.

Na nakuomba jambo moja la kwangu. Chomekeni kijiti chenye alama za sentimita pale mfongo unapoachana na mto, mumpe mtu mmoja kazi ya kuandika kina kila Jumatatu, kiangazi na masika, na siku za moto aandike vilevile. Mwaka mmoja hautasema mengi. Mitano itasema. Mkianza, nipigie picha ukurasa wa kwanza wa daftari unitumie, na uniambie wazee wamesemaje.

Wako daima,
rafiki yako wa Poudre