Waliosoma na Wasiosoma Mkeka Mmoja: Barua kutoka Belfast

Mpwa wangu mpenzi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai nyote mu wazima hapo Langoni. Msalimu mama yako, na bibi umbusu mkono kwa niaba yangu. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila baridi haituachi.

Umeniambia mnataka kuitazama Game of Thrones, ile tamthilia ya runinga iliyotokana na vitabu vya George R. R. Martin, hapo nyumbani, vijana wanane, nusu wamesoma vitabu na nusu hawajasoma, na ugomvi umeanza kabla runinga haijawashwa. Ukauliza pia ilikuwaje watu wakailia kwa miaka kisha mwishoni wakaitukana. Maswali hayo mawili jibu lake moja: machozi ya mtazamaji hupikwa mapema. Chombo kikitayarishwa, hata jambo la kuvunja moyo analipokea na kesho anarudi. Kisipotayarishwa, hata jambo la haki ataliona amedhulumiwa.

Nanyi watu wa Amu, yaani Lamu, mnalijua hili. Asikilizaye utenzi wa shujaa Fumo Liyongo anajua tangu mwanzo kwamba sindano ya shaba itaingia kitovuni, na mkono unaoishika ni wa mwanawe. Muhammad Kijumwa alipouandika mwaka 1913 kisa kilikuwa cha kale, hakuna aliyekuwa hajui mwisho. Bado watu walikaa kuusikiliza. Kwa hiyo aliyesoma kitabu hajapoteza utamu wa kutazama. Utamu wake ni wa aina nyingine, na kazi yako ni kuhakikisha hauli wa mwenzake.

Barua hii usiwape wasiosoma, wala waliosoma. Nitasema mambo waziwazi.

Kwanza la heshima. Hii ni tamthilia ya watu wazima. Sehemu ya kwanza kabisa ina uchi na damu, na inamalizikia kwa mtoto kusukumwa dirishani kwa kuona asichotakiwa kuona. Kwenye kitabu ana miaka 7, kwenye runinga 10. Bibi asikae nanyi, watoto wa shule wasikae nanyi. Kaeni rika moja, na mlango wa kiwanda, yaani ua wa ndani, mfunge.

La pili ni majina. Waliotengeneza tamthilia wenyewe walijikwaa hapo. Mwaka 2009 walipiga sehemu ya majaribio, wakawaonyesha marafiki, na marafiki wakaondoka bila kutambua kwamba Cersei na Jaime, wale wawili aliowakuta mtoto yule, ni ndugu, tena mapacha. Usipolijua hilo, kisa cha dirisha hakina maana yoyote: unaona mtu mbaya amemsukuma mtoto, basi. Sehemu kubwa ikabidi ipigwe upya, na tamthilia ikaanza kurushwa tarehe 17 Aprili 2011.

Chukua karatasi kubwa, uibandike ukutani kando ya runinga. Chora koo nne tu: Stark na mbwamwitu wao, Lannister na simba, Baratheon na kulungu, Targaryen na joka. Kila ukoo majina yasizidi matano, na mstari wa kuonyesha nani mtoto wa nani. Frey, Bolton, Tyrell na Greyjoy uwaongeze siku watakayoingia. Ukichora wote usiku wa kwanza, wageni watasoma ukuta na kuisahau runinga. Kalamu ishikwe na asiyesoma, maana aliyesoma mkono wake utamponyoka: ataacha nafasi ya mtoto ambaye bado hajajulikana ni wa nani, na wenye akili watang'amua. Na mmoja wenu akipaza sauti kwamba yule dada wa Greyjoy jina lake si Yara, ni Asha, mwambie anasema kweli lakini anyamaze. Jina lilibadilishwa ili watazamaji wasimchanganye na Osha, mhusika mwingine.

Sasa mtama. Wengi hudhani kumwaga mtama, yaani kuvujisha kisa, ni kusema "fulani atakufa". Aliyesoma humwaga mtama kwa mwili. Anaacha kutafuna. Anageuka kutazama nyuso za wenzake badala ya runinga. Anatoa simu polepole ili awarekodi. Na "wewe subiri uone" ni mtama pia, tena gunia zima. Kwa hiyo wasiosoma wakae mbele, waliosoma nyuma yao, simu zote ziwekwe kwenye zidaka za ukutani mpaka majina ya mwisho yapite. Maswali ya "huyu ni nani?" yajibiwe kwa mambo yaliyokwisha kuonekana tu. Aliyesoma akishindwa kujibu bila kuvujisha, ajibu "tazama karatasi".

Usiku utakaokupa kazi kubwa ni msimu wa 3, sehemu ya 9, Harusi Nyekundu. Kitabu chake, A Storm of Swords, kilitoka mwaka 2000. Kwenye runinga ilirushwa tarehe 2 Juni 2013. Kwa hiyo wako waliokaa na siri hiyo miaka 13, na usiku ule wengine walificha kamera ili wanase vilio vya wake zao na ndugu zao. Angalia jinsi kilio kile kilivyopikwa. Robb Stark aliahidi kumuoa binti wa Frey, akaivunja ahadi. Wanakuja kusuluhisha, mjomba wake akimuoa binti wa Frey badala yake, wanapewa mkate na chumvi, na kwa desturi ya nchi ile aliyekula chumvi ya mwenyeji hawezi kuguswa chini ya dari lake. Hapo Amu hamhitaji kufafanuliwa. Harusi inapita vizuri, watu wanacheka, mpaka unaanza kuamini. Kisha mlango mkubwa unafungwa taratibu. Wapigaji muziki juu wanageuza wimbo, wanapiga ule wa Lannister, adui zao. Catelyn, mama yake Robb, anainua mkono wa nguo ya Bolton na kukuta fulana ya chuma chini yake. Ishara tatu, kila moja sekunde chache, na asiyesoma anazielewa zote kwa pamoja akiwa amechelewa.

Lakini kuna jambo ambalo wenzako waliosoma wasiambiwe. Kwenye kitabu mke wa Robb ni mwingine, anaitwa Jeyne, na hakwenda harusini. Kwenye runinga mke ni Talisa, ana mimba, yupo ukumbini, na yeye ndiye anayechomwa kisu wa kwanza, tumboni. Waliosoma walikuwa wamekaa kitako wakingojea starehe ya kuona nyuso za wengine, wakapigwa wao kabla. Kwa maoni yangu hicho ndicho kitendo cha ustadi kuliko vyote katika tamthilia nzima. Aliyejua hakuachwa kando na ujuzi wake, alitengewa pigo lake.

Majina ya mwisho ya sehemu hiyo yanapita bila muziki, kimya kabisa. Usiwashe taa, usipitishe kahawa. Acha yaishe.

Utaona pia kwamba sehemu ya 9 ndiyo yenye tukio zito karibu kila msimu: kukatwa kichwa kwa Ned Stark katika wa 1, vita vya bandarini katika wa 2, mtoto Shireen kuchomwa moto katika wa 5, vita vya wanaharamu katika wa 6. Sehemu ya 10 kazi yake ni kutuliza na kupanga upya. Basi tazameni mbili mbili kila usiku mpaka ya 8, kisha ya 9 peke yake, na ya 10 usiku unaofuata. Msimu wa sehemu 10 ni usiku sita. Mkizibandika ya 9 na ya 10 pamoja, watu watalala wakikumbuka mipango, na kishindo kitakuwa kimepotea. Msimu wa 6 ndio mkaidi zaidi, ya 10 yake nayo inalipuka.

Kwa wale msiofuata Kiingereza sawasawa na mnataka mmoja wenu atafsiri kama wafanyavyo maDJ wa sinema, mtafsiri asiwe aliyesoma, sauti yake itamsaliti. Ila msimu wa 6 sehemu ya 5 umwandae mapema. Kuna mtumishi anayeitwa Hodor, neno lake ni hilo moja tu tangu utotoni, na siku hiyo unajua limetoka wapi: ni "hold the door", agizo la kuzuia mlango, lililosagwa mdomoni mwa mtoto mpaka likawa jina. Watafsiri wa lugha nyingi walihangaika nalo. Kwa Kiswahili msijaribu kulitengeneza. Aseme maana ya maneno mara moja, mapema, mlango unapofungwa, kisha anyamaze kabisa. (Nasi tuna "hodi", inayofanana kwa sauti na kupingana kwa maana: mwenye hodi anaomba kuingia, Hodor anazuia wasitoke.)

Sasa giza. Msimu wa 8, sehemu ya 3, dakika 82, ilirushwa tarehe 28 Aprili 2019, na dunia nzima ikapiga kelele kwamba haioni kitu. Mpiga picha wake akajibu kwamba kosa liko kwenye runinga za watu. Kila upande una haki yake. Picha ya giza ikibanwa ili ipite kwenye intaneti, rangi nyeusi zinazokaribiana hufanywa kuwa moja, na moshi na theluji hugeuka viraka vinavyotambaa. Intaneti ikilegea, viraka huongezeka. Kwa hiyo sehemu hiyo msiitazame ikitiririka. Ipakueni kwenye programu mliyoilipia, kwa ubora wa juu kabisa, mchana, kabla bando halijagombaniwa. Kwenye runinga chagua picha ya aina ya sinema, uache ile ya kung'aa ya dukani. Zima kile kinachopunguza mwanga chenyewe kuokoa stima. Halafu simamisha picha penye farasi na usiku, uongeze mwangaza taratibu mpaka uone mpaka kati ya koti na mbingu, uishie hapo. Ukizidisha, nyeusi inakuwa kijivu na unapoteza moto, na moto ndio sehemu hiyo inaouchezea.

Na projekta uliyoniambia, ya kumulika ukutani: kwa misimu mingine sawa, chokaa ya ukuta wetu inapokea picha vizuri. Kwa usiku huo hapana. Projekta haina rangi nyeusi. Nyeusi yake ni ukuta wenyewe ulivyo, na ukuta mweupe kwenye mbalamwezi ni mweupe. Tazameni ndani, kwenye runinga, baada ya isha, pazia zimeshushwa.

Nifike kwenye matusi. Kitabu cha kwanza cha George R. R. Martin kilitoka mwaka 1996 na cha tano mwaka 2011, cha sita hakijatoka hadi naandika. Kufika msimu wa 6 tamthilia ilikuwa imevipita vitabu hivyo, na waliosoma na wasiosoma wakawa sawa, wote hawajui. Hapo ugomvi wa mtama ungekwisha. Ukaanza mwingine. Misimu sita ya kwanza ilikuwa na sehemu 10 kila mmoja, wa 7 ukapewa 7 na wa 8 ukapewa 6. Mwanzoni safari ya mfalme kwenda kaskazini ilichukua mwezi. Msimu wa 7 mtu anakimbia kurudi kwenye ukuta wa barafu, kunguru anatumwa, majoka yanafika, na wenzake bado wamesimama kwenye barafu wakingoja. Ninyi mnajua safari ya Pate: maji yakipwa mkondo wa Mkanda haupitiki, na nahodha hata awe bingwa atangoja. Kungoja kule ndiko kunakokufanya uamini umesafiri. Tamthilia iliondoa maji kupwa na kujaa, na watazamaji wakahisi kabla hawajajua wanahisi nini.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Daenerys Targaryen, malkia wa majoka. Kuuchoma mji hakukutoka hewani. Alimtazama kaka yake akimiminiwa dhahabu ya moto kichwani bila kupepesa. Aliwatundika mabwana wa watumwa 163 misalabani. Aliwachoma baba na mwana wa Tarly. Ishara zilikuwepo, ila zimetawanyika miaka minane, na hatua za mwisho zikabanwa kwenye sehemu mbili tatu. Wakati huo wazazi walikuwa wamekwisha kuwaita mabinti zao Khaleesi, ambalo hata si jina, ni cheo.

Dawa yake ni nyepesi. Kabla ya msimu wa 8 sehemu ya 5, rudieni vipande vitatu tu: msimu wa 1 sehemu ya 6, msimu wa 4 sehemu ya 4, msimu wa 7 sehemu ya 5. Dakika kama ishirini kwa jumla. Usieleze kwa nini. Sema tu "tunakumbushana".

Tarehe 19 Mei 2019 ilipokwisha, Marekani peke yake walitazama milioni 19.3 usiku ule, na ombi la kutaka msimu wa mwisho utengenezwe upya likasainiwa na zaidi ya watu milioni 1. Miezi michache baadaye msimu huohuo ukashinda tuzo ya Emmy ya tamthilia bora. Na kile kikombe cha kahawa kilichosahauliwa juu ya meza ya karamu, ambacho baadaye kilifutwa kwenye picha, kingetokea msimu wa 2 watu wangecheka wakasahau. Kilitokea wamekwisha kununa.

Mkimaliza mkataka House of the Dragon, ya 2022, mjue kitabu chake ni cha namna nyingine. Kimeandikwa kama kitabu cha historia ya kale, chenye mashahidi wanaopingana juu ya jambo moja, kama Habari za Pate, ile historia ya wafalme wa Pate, zilivyo na nakala zisizokubaliana. Aliyekisoma hana haki ya kusema "haikuwa hivyo", kwa sababu kitabu chenyewe hakijasema ilikuwaje. Ugomvi wake ni mdogo, isipokuwa pale walipomwondoa mtoto mmoja wa malkia kwenye kisa cha mauaji ya usiku. Hapo hata mwandishi alilalamika hadharani mwaka 2024.

Umuulize mama yako kama kebo niliyoipeleka inaingia kwenye runinga ile ya zamani. Kama haiingii, nipigie picha ya nyuma yake, penye matundu, nitafute nyingine kabla hamjaanza.

Wasalaam,
Mjomba wako, Belfast