Mpwa wangu, nilikuja, na ule mwezi wako niliuona

Mpwa wangu,

Mama yako amekuambia sikuja kuutazama mchezo wako wa jukwaani. Nilikuja. Nilikaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, nyuma ya bwana mmoja wa kofia ambaye hakuivua usiku kucha. Niliondoka bila kukusalimu kwa sababu mbili: daladala ya mwisho ya Igombe, na wewe mwenyewe. Ya daladala unaijua. Ya pili naisema hapa hadharani, maana na wewe umenianika hadharani kama dagaa juu ya chanja.

Michezo ilikuwa minne, kila mmoja na mwanafunzi wake mwongozaji, na hakuna uliofika nusu saa. Wa kwanza ulikuwa wa mahari, nimeshausahau. Wa pili, wa bodaboda na abiria asiyetaka kusema anakokwenda, ulinichekesha ingawa waigizaji waliongea na ukuta kuliko na sisi. Wa nne nitahadithiwa. Wa tatu ndio wako, na hapo ndipo yule wa kofia aliponikera kweli, ikabidi nisimame.

Uliweka vitu vitatu tu jukwaani: chanja, beseni, na khanga ya bluu iliyoshikwa na wasichana wawili, mmoja huku, mmoja kule. Wakiitikisa kidogo, ziwa limetulia. Wakiipiga, upepo umeingia. Mimi nimekesha majini miaka 30, mwanangu, lakini ile khanga nilijikuta naikagua kama ninavyokagua ziwa jioni kabla hatujasukuma mtumbwi. Na yule mama muuza dagaa! Hakukuwa na dagaa hata mmoja pale, lakini aliwageuza kwa kiganja, akaokota kokoto, akaitupa begani, akatazama juu kama kuna wingu. Ile kokoto ni mama yako mtupu.

Kisha akaingia tajiri wa mtumbwi. Kandambili zinaburuzwa, na kabla ya kujibu chochote anakaa, anagonga goti kwa vidole viwili. Mama kampa hela tangu juzi, dagaa hajawaona. Jamaa anagonga goti: "Giza lijalo, dada. Giza lijalo." Ukumbi ukaangua kicheko. Nami nikacheka nao, tena kwa sauti, mpaka nilipoangalia vidole vyangu viko wapi.

Hilo nimelimeza. Ninalogomba nalo ni mwezi.

Nyuma ya tajiri ulitundika mwezi mpevu, nadhani ni sinia lililopakwa chokaa, taa inalipiga. Ulipendeza, sikatai. Lakini chini yake ukawatoa vijana kwenda kuvua dagaa! Mtoto wa mwaloni wewe, pale mitumbwi inaposhusha samaki! Mbalamwezi ikiwaka namna ile sisi tunashona nyavu na kulala nyumbani. Dagaa anafuata taa. Mwezi ukishaangaza ziwa zima, taa yako ataifuatia nini? Tunavua gizani, ndiyo maana hata deni tunalihesabu kwa giza. Maneno yangu uliyaiba sawasawa, maana yake ukaiacha kwetu.

Ndipo umeme ukakatika. Mwezi ukafa palepale, na tajiri akabaki mdomo wazi. Tochi ya simu ikawaka upande wa kushoto, nyingine nyuma yangu, halafu ukumbi mzima. Yule binti wako aliyeigiza muuza dagaa, bila hata kugeuza shingo, akaendelea kuokota kokoto zake na kusema:

"Afadhali. Sasa dagaa watapanda."

Unajua usiku wa giza, ukisimama juu ya mawe kule Kirumba, Mwanza, taa za wavuvi zinavyojipanga ziwani utadhani ng'ambo kuna mji? Ndivyo tulivyokuwa. Waliocheka kwanza ni watu wa mwaloni, na tulikuwa wengi kuliko ulivyodhani. Maneno yale hayakuwa kwenye karatasi yako. Mwenye kujua kuyaandika asingetundika sinia.

Ungekatia hapo! Badala yake umeme uliporudi akajitokeza kijana wa shati jeupe: "Ndugu watazamaji, mchezo huu unatufundisha..." Nikashika mlango. Hiyo ni ya enzi zetu. Mwaka 1979 tulipandishwa jukwaani kughani ngonjera za kumlaani Nduli Iddi Amini, na beti za mwisho zilikuwa za mafunzo kwa sababu mbele alikaa mgeni rasmi na pembeni alisimama mwalimu na fimbo. Wewe nani alikushikia fimbo? Mama kasimama na beseni tupu, tajiri kaondoka na hela yake. Tulishaelewa. Mimi hasa.

Nasikia mnarudia Jumamosi ya wiki ijayo. Sinia litoe. Zile karabai zangu mbili ziko stoo tangu tuhamie taa za sola. Moja kioo chake kimepasuka lakini inawaka, usiisogeze tu karibu na khanga. Njoo uzichukue kabla ya Ijumaa, maana giza linaingia na mimi nitakuwa ziwani. Ukija nitakupa na hela ya mama yako. Siyo yote. Iliyobaki mwambie anajua ni lini.

Mjomba wako