Warudishieni wavulana saa ya michezo

Mhariri,

Mwanangu yuko kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wavulana hapa Kakamega. Njumu zake zimekaa sandukuni muhula mzima, kwa kuwa saa ya michezo imegeuzwa kipindi cha hesabu. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zimetenga saa tisa na nusu hadi kumi na moja kasorobo kwa michezo na shughuli kama hizo. Na huu ndio mji wa Green Commandos, timu ya soka ya Shule ya Upili ya Kakamega, jamani! Vijana wanaamshwa saa kumi alfajiri, jioni wanasinzia juu ya madaftari. Walimu wakuu, wapeni mpira. Hesabu ina vipindi vyake asubuhi.

Mzazi,
Kakamega