Jeni sio jini

Mhariri, salamu kutoka Ujiji. Mi msomaji wenu wa siku nyingi, nasoma mpaka matangazo ya viwanja, leo naomba nafasi kidogo.

Mama yetu alikufa na saratani ya titi, akafuata mama mdogo, ya kwake ilikuwa ya ovari, pale mayai ya mwanamke yanapokaa. Tukasema kazi ya Mungu. Sasa mwaka jana dada yetu mkubwa anayeishi Uingereza naye kaugua, wakampima jeni huko, yale maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi, wakakuta hitilafu kwenye ile wanaita BRCA1, yani kazaliwa nayo, na sisi wengine kila mmoja ni nusu kwa nusu kuwa nayo, kama kurusha shilingi. Akatupigia usiku mi nachambua dagaa, netiweki inakatika katika, nasikia tu "sabini na mbili" nikadhani anaongelea hela. Kumbe wanawake wenye hitilafu hiyo kama 72 kati ya 100 wanapata saratani ya titi kabla hawajafika miaka 80.

Mama mkubwa aliposikia jeni yeye kasikia jini, asubuhi yake kaja na shehe na ubani. Nilicheka halafu nikalia, maana hata nikimwelewesha, kitu kimekaa ndani ya ukoo hukioni na hujui kitamwamkia nani, sasa nimwambie tofauti iko wapi?

Kaka kasema hayo ya wanawake yasimhusu, na ana mabinti watatu. Mwanaume anabeba na anarithisha vilevile jamani! Ila wa ajabu ni mdogo wetu wa mwisho, naye yuko hukohuko Uingereza, kapimwa kakutwa hana, tukajua atashangilia, wapi, ndo hapokei simu, anasema anamwonea aibu dada.

Na mimi binti yangu ana miaka 19, kuna watu wameleta posa. Wazee wa kule wakauliza kama kawaida, kwenu kuna ugonjwa gani? Nikajibu presha tu. Mpaka leo lile jibu linanikaa kooni. Lakini ningesema nini, sijapima, na kuwa nayo siyo kuumwa, wapo wanaozeeka nayo salama, hilo nani atamwelewesha mkwe kwenye jamvi?

Mhariri, kila Oktoba mnatuwekea utepe wa pinki na picha za namna ya kujikagua matiti, asanteni sana. Mwaka huu tuleteeni na mtu wa kueleza ya familia kama zetu, saratani nyingi hazirithiwi najua, ila sisi ambao inarudi rudi nyumba moja tuongee vipi na watoto, na tuwaambie wakiwa na umri gani. Daktari wa kupima utampata hata kwa kusafiri, wa kukaa na wewe majibu yakitoka ndo sijui wapi.

Dada kasema akija likizo analeta kichupa cha kutemea mate nipimwe jeni, gharama zote juu yake, anasubiri nikubali tu. Hiyo meseji ina wiki tatu, anaona tiki za bluu.

Msomaji, Ujiji, Kigoma